Anapiga Vyombo Vinne. Mkono Wake Uko Wapi?

Bendi ninayoifuatilia hufanya mazoezi nyuma ya baa moja Kirumba, hapa Mwanza, mahali ambapo upepo wa ziwa ukigeuka unaleta harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni na kila mtu anajifanya haisikii. Siku moja mpiga besi, akiwa amechutama anaunga waya wa spika, alisema kuhusu mzee wao: "Yule anapiga kila kitu, ila hana mkono."

Mzee mwenyewe nitamwita Fundi, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na nusu ya watu wa Kirumba. Nusu nyingine nao wanaitwa Fundi. Anapiga gitaa la solo, anapapasa kibodi, anapiga ngoma za tumba, na mpiga besi akichelewa anashika besi bila kuombwa. Ukisema "gitaa" watu wanataja jina jingine. Ukisema "kibodi" wanamtaja kijana fulani wa kwaya kule Nyakato. Yeye hutajwa mwishoni, kwa kauli ya "na Fundi pia anajua." Methali ya kumhukumu tunayo siku nyingi, mshika mbili moja humponyoka, na kwa kawaida methali ikishatajwa mazungumzo huwa yamekwisha.

Mimi sikuridhika. Nimemsikiliza Fundi kwa miaka na kuna jambo ninalolisikia, hata nikiwa nje kwa muuza chipsi, linaloniambia ni yeye. Sikuwa na jina la jambo hilo. Makala haya ni jitihada ya kulitafuta, na kujibu swali ambalo si la Fundi peke yake: mtu anayepiga vyombo vingi anaweza kuwa na upigaji wake binafsi unaomtofautisha na wengine, au kila chombo anachoshika kinampa sura nyingine?

Kinachotukwamisha kwanza ni neno "mtindo." Kwa mpenzi wa dansi wa Tanzania, mtindo ni mali ya bendi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, walikuwa na Sikinde, jina lililochukuliwa kwenye ngoma ya Wazaramo. Vijana Jazz walikuwa na Pamba Moto. Bendi ya jumuiya ya wafanyakazi ilibadili jina kila jumuiya ilipobadili, NUTA, JUWATA, OTTU, lakini mtindo wa Msondo uling'ang'ania mpaka bendi yenyewe ikaishia kuitwa Msondo Ngoma. Wanamuziki nao walihama bendi kama vibarua wa msimu wa pamba, na aliyevuka upande wa pili alitarajiwa kupiga kama watu wa upande wa pili. Ukimuuliza shabiki wa enzi zile fulani anapiga mtindo gani, anakutajia bendi aliyokuwemo mwaka huo.

Kwa hiyo tunapobishana kama Fundi ana mtindo, mmoja anazungumzia aina ya muziki, kwamba huyu ni wa dansi au wa injili. Mwingine anazungumzia bendi. Wa tatu anazungumzia ufundi, yaani vidole vinakimbia kiasi gani. Ufundi unapimika: mpe mtu kipande kigumu, akikipiga bila kujikwaa anao. Lakini Mwanza hii kuna wapiga kibodi wa harusi wanaoweza kukuigizia wimbo wowote uliotoka wiki iliyopita, sauti kwa sauti, na wakimaliza husemi ni nani alikuwa anapiga. Ufundi upo, mwenyewe hayupo. Kwa makala haya nitatumia neno la mpiga besi, mkono, nikimaanisha ile alama inayokufanya umtambue mpigaji bila kumwona.

Kuhusu alama hiyo, mfano unaonisaidia zaidi haumo kwenye muziki. Umo kwenye mwandiko. Watafiti wa mwendo wa viungo walishajaribu kumwandikisha mtu sentensi moja kwa mkono wake wa kawaida, kisha kwa mkono mwingine, kisha kalamu ikiwa kati ya meno, hata ikiwa imefungwa kwenye mguu. Herufi zinazidi kutetemeka kadiri kiungo kinavyokosa uzoefu, lakini umbo linabaki na ufanano: jinsi anavyokunja mkia wa "g," jinsi anavyounganisha herufi hizi na kuziachanisha zile. Maana yake ubongo haukuhifadhi amri za kidole gumba na kidole cha shahada peke yake. Ulihifadhi pia ramani ya umbo lenyewe, na kiungo chochote kinachopatikana kinatumwa kulitekeleza.

Mpigaji wa vyombo vingi ni mtu wa namna hiyo, anayeandika kwa kalamu, kwa chaki na kwa kijiti kwenye mchanga wa ufukwe. Kama ana mwandiko, tunatarajia tuuone kote, ingawa kwenye mchanga utakuwa mpana na wenye kingo zinazomomonyoka.

Ila mchanga una ubishi wake, na hapa ndipo wengi wanaosema "fulani ana mtindo uleule kwenye kila chombo" huteleza. Vyombo havikubali kila kitu.

Chukua kibodi, chombo ambacho sasa kimejaa makanisani na kumbini kuanzia Igoma hadi Nyegezi. Ukibonyeza kitufe, mashine hupima kasi ya kitufe kushuka na kuigeuza kuwa namba. Katika utaratibu wa kidijitali unaotumika tangu mwaka 1983, kiwango cha juu cha namba hiyo ni 127. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyopewa ya kusema "taratibu" au "kwa hasira," na vibodi vya bei ya chini havikupi hata hiyo, ugonge au upapase sauti ni ileile. Kitufe kikishashuka, noti imeondoka mikononi mwako. Mpiga gitaa yeye bado anayo: anaweza kuutikisa uzi, kuusukuma upande ili sauti ipande kidogo, kuufisha kwa kiganja. Mpuliza saksafoni ndiyo kabisa, maana umbo la mdomo, la koo na la pumzi yake ni sehemu ya chombo. Watu wawili wakipokezana saksafoni moja, unapata sauti mbili.

Kuna kitufe kingine kwenye kibodi ambacho nadhani kimefanya mengi kuliko tunavyokiri, kile cha kuhamisha ufunguo. Vijana wengi wa kwaya wamejifunza kupiga do ikiwa mahali pamoja tu. Mwimbaji akitaka juu zaidi, wanabonyeza namba na mashine inapanda yenyewe huku vidole vikibaki palepale. Mtu wa namna hiyo atakuwa na mkono unaotambulika upesi sana, kwa sababu vidole vyake vina njia moja tu ya kwenda sokoni. Huo ni mtindo? Nitalirudia hili, kwa kuwa linauma.

Kwa hiyo yapo yanayobaki kwenye chombo: rangi ya sauti, kuvuta noti, kutetemesha. Kumtafuta mpiga gitaa kwenye kibodi kwa kusikiliza rangi ya sauti ni kumtafuta samaki juu ya mti. Yanayovuka ni mengine, na kwa hesabu yangu ni matatu.

La kwanza ni mahali anapoweka pigo. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde, na robo ya pigo ni sehemu ya nane ya sekunde. Tabia ya mpigaji inaishi ndani ya vipande vidogo kuliko hivyo. Kuna anayegusa noti kabla kidogo ya wenzake kana kwamba daladala inamwacha, na kuna anayelaza, anayekuja nyuma ya pigo kama mtu aliyekwisha kula. Sikio halihesabu hizo sehemu za sekunde, lakini linazisikia kama mwendo wa mtu unayemfahamu anapopanda ngazi. Tabia hii haijali chombo. Anayelaza kwenye gitaa atalaza kwenye tumba.

La pili ni mahali anaponyamaza. La tatu ni jinsi anavyomaliza sentensi, na hili ndilo ninaloliamini zaidi. Kila mpigaji anaanza sentensi kwa namna nyingi, lakini kuzimaliza ana njia mbili tatu tu, kama tunavyoagana kwenye simu.

Pwani hii ya ziwa ina ushahidi wa zamani kwamba mkono hauko vidoleni tu. Mtazame mpiga nyatiti wa Kijaluo, kule Rorya au ng'ambo ya mpaka. Ameketi kwenye kigoda cha chini, ala imelala ubavuni, nyuzi nane. Vidole vya mikono miwili vinadona nyuzi. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea fremu ya ala hiyohiyo, na mguuni kuna njuga. Juu ya yote hayo anaimba. Ukitaka kuwa mkali wa hesabu, huyo ni mtu mmoja anayepiga vyombo vitatu na kuimba, na amefanya hivyo kabla yoyote kati yetu hajasikia neno studio. Hakuna anayemuuliza kama mkono wake uko kwenye uzi au kwenye pete. Uko kwenye namna pete inavyoujibu uzi.

Na nyatiti inatufundisha la ziada. Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, ilipochipuka ukanda huu, wapiga gitaa hawakushika gitaa kama Wazungu waliolileta. Walilidona noti mojamoja kwa kasi, sauti kavu, gitaa likikimbizana na mwimbaji, vilevile nyatiti ilivyokuwa ikifanya. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wetu wa mpaka mwaka 1940 na kuipeleka Shirati Jazz mbali sana, alikuwa kinara wa gitaa la namna hiyo mpaka alipofariki kwa ajali ya gari Kisumu mwaka 2006. Chombo kilikuwa kipya, lafudhi ilikuwa ya zamani.

Nasema lafudhi kwa makusudi. Hapa Mwanza hatuhitaji kuelezwa lafudhi ni nini. Msukuma akiongea Kiswahili, hata awe na shahada tatu, kuna namna sentensi inavyopanda na kushuka ambayo mtu wa Tanga ataitambua akiwa chumba cha pili. Tunataniwa kwa hilo na tumezoea. Anayepiga vyombo vingi naye ana chombo mama, kile alichojifunza akiwa bado hajui kwamba anajifunza, na vingine vyote anavizungumza kwa lafudhi yake. Mpiga ngoma akishika gitaa la ridhim, sikiliza mkono wake wa kulia: anakwangua nyuzi kana kwamba kuna ngozi chini yake, na koodi zenyewe ni tatu tu lakini hazichoshi. Mpiga kibodi wa kanisani akishika besi anapiga noti za mkono wake wa kushoto, mzizi na oktava, mzizi na oktava, kistaarabu mno.

Ndiyo maana ukitaka kumsoma mpigaji wa namna hii, usiulize chombo gani anakipiga vizuri zaidi. Uliza alianza na kipi. King Michael Enoch alijulikana kama mpiga gitaa la solo wa Dar es Salaam Jazz kabla hajawa kiongozi na mpuliza saksafoni wa Mlimani Park. Saksafoni ina pumzi na gitaa halina, kwa hiyo mtu aliyehama hivyo analazimika kuamua upya kila sentensi iishie wapi. Sikiliza rekodi za vipindi vyote viwili ukiwa na swali hilo kichwani, utapata kazi ya jioni nzima, na ni kazi tamu.

Nje ya hapa kwetu kuna visa vinavyosaidia kupanga mambo, na nitavipitia haraka kwa sababu havihitaji zaidi ya hapo. Eric Dolphy, Mmarekani aliyefariki mwaka 1964, alipiga saksafoni ya alto, filimbi na klarineti ya besi. Ni vyombo vyenye sauti zisizofanana hata kidogo, lakini kwenye vyote anaruka kutoka noti ya chini hadi ya juu sana kwa mruko ambao wengine hawathubutu. Unamtambua kwa mruko huo. Huyo ni ushahidi safi kwamba mkono unavuka. Fela Kuti ni kisa tofauti. Alikwenda London mwaka 1958 akasomea tarumbeta, na mpuliza saksafoni wake alipomwacha mwaka 1973 akajifunza saksafoni mwenyewe, na kinanda pia alikuwa akipiga. Mimi kwa sikio langu sidhani kwamba mkono wa Fela ulikuwa kwenye chombo chochote kati ya hivyo. Ulikuwa kwenye mpangilio: nani aanze, arudie mara ngapi, mwimbaji aingie baada ya dakika ngapi. Chombo chake kilikuwa bendi.

Halafu kuna Prince, ambaye kwenye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1978 alipiga vyombo vyote peke yake. Hiyo inasikika kama kilele cha jambo tunalolizungumzia, na vijana wa studio hupenda kuitaja. Lakini kupiga vyote peke yako kuna mtego ambao hauzungumzwi. Bendi inanoga kwa sababu wapigaji hawakubaliani kikamilifu. Mpiga besi analaza, mpiga solo anakimbilia mbele, na katikati yao kunazaliwa ule mvuto unaowainua watu vitini wakati wa chemko, pale wimbo unaposhika kasi. Mtu mmoja akipiga vyote, wote wanaelemea upande mmoja kama abiria wa mtumbwi wanaomtazama kiboko. Anayefanikiwa ni yule anayeweza kubishana na nafsi yake kwenye nyimbo zake mwenyewe, na hao si wengi.

Leo Mwanza ina wapigaji wa vyombo vingi kuliko wakati wowote, kama tutakubali kumhesabu prodyuza. Chumba kimoja, kompyuta, kibodi ndogo ya funguo 25, na humo anatoa besi, ngoma, gitaa na tarumbeta. Simdharau hata kidogo. Ila kuna hatua moja kwenye kazi yake inayohusu makala haya moja kwa moja: akimaliza kurekodi, anabonyeza kitufe na programu inasogeza kila noti ikae sawasawa kwenye mistari ya gridi. Zile sehemu ndogo za sekunde nilizozitaja juu, alizochelewa na alizowahi, zinafutwa. Kinachobaki kimenyooka na ni kisafi, na ndani yake hamna mtu. Wajanja wanaacha asilimia fulani bila kunyoosha, au hawanyooshi kabisa. Ukisikia prodyuza unayemtambua kabla hajataja jina lake mwanzoni mwa wimbo, mara nyingi ni mmoja wa hao.

Sasa nilirudie lile la kitufe. Je, kijana ambaye vidole vyake vina njia moja tu ana mkono, au ana mazoea? Nimelizungusha swali hili sana. Kwa nje havitofautiani: vyote viwili vinarudia, vyote viwili vinatambulika. Mpiga besi wa Kirumba ana kipimo chake, cha kikatili lakini kina akili. Anasema: mzuie. Mwambie apige bila ile noti yake anayoipenda. Mwenye mazoea anakwama, anatazama mikono yake. Mwenye mkono anapata njia nyingine na bado unamjua. Mimi ningeongeza kipimo cha chombo cha pili. Mazoea mengi ya vidole hayavuki, kwa sababu vidole vya kibodi havina kazi kwenye tumba. Kinachobaki baada ya kuvuka ndicho cha kutafuta, na hapo anayepiga vyombo vingi ana faida kuliko anayepiga kimoja: tuna namna ya kumpima.

Basi tukampima. Haikuwa utafiti, ilikuwa mchezo wa Alhamisi moja umeme uliporudi mapema. Niliketi nimewapa mgongo, uso ukitazama ukuta wenye kalenda ya mwaka juzi. Nyuma yangu walikuwa watatu: Fundi, kijana aliyefundishwa na Fundi tangu akiwa darasa la sita, na yule mpiga kibodi wa Nyakato aliyekuja kwa ajili hiyo na soda. Kila mmoja apige kipande kifupi anachotaka kwenye gitaa, kisha kwenye kibodi, kisha kwenye tumba, kwa mpangilio wasioniambia. Vipande tisa. Mpiga besi alikuwa mwandishi wa matokeo, na alinuia nishindwe.

Mpiga kibodi wa Nyakato nilimpata mara zote tatu. Hata kwenye tumba alikuwa nadhifu, kila kitu kikianza na kuisha ndani ya hesabu ya nne kama bahasha iliyofungwa. Fundi nilidhani nimempata mapema pia. Kipande kilipanda so, la, ti, na sikio langu lilikuwa limeshanyoosha mkono kupokea do ya juu, naye akarudi: la, so. Hakufika. Hapo ndipo nilipolijua jina la lile jambo nililokuwa nalisikia kutoka kwa muuza chipsi. Fundi hafiki juu. Anakupandisha mpaka ngazi ya mwisho kabla ya mlango, anageuka. Kwenye kibodi akafanya hivyohivyo, na funguo zote ziko pale, hakuna wa kumzuia. Kwenye tumba hakuna so wala la, lakini aliujenga mzunguko mpaka pale pigo kubwa la kufunga linapostahili, akaliacha tupu. Kwenye onyesho, ile nafasi hujazwa na dramu, na mimi miaka yote nilidhani mpiga dramu ndiye mwenye akili.

"Huyo ni mzee," nikasema, nikijiamini.

Mpiga besi alicheka muda mrefu. Kile cha tumba kilikuwa cha Fundi kweli. Kile cha kibodi kilikuwa cha kijana. Nilipowachanganya tena kwenye gitaa, tulikubaliana nigeuke. Makosa yangu yote yalikuwa hapo, kati ya mwalimu na mwanafunzi, wala sikuwahi kumchanganya yeyote kati yao na mtu wa Nyakato.

Nilifika pale nikitaka kuthibitisha kwamba Fundi ana mkono wake, nikaupata umekaa kwenye mikono minne. Mpiga besi alidai hilo linamaliza kesi: kama kijana anao, basi si wa Fundi. Sikubaliani naye. Mwandiko hufundishwa, wengi wetu tunaandika "k" ya mwalimu wa darasa la kwanza na hatujawahi kumshukuru. Hata ngoma za Usukuma zimekaa hivyo. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, wanashindana kila msimu baada ya mavuno, na ukienda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma hizo, utasikia mtu akimsifu mpigaji kwa kutaja aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo. Hakuna anayeona kwamba kumtaja mwalimu kunampunguzia mwanafunzi. Dhana ya kwamba kilicho chako lazima kianze na wewe ni ya watu wenye haraka.

Kilichonisumbua kilikuwa kingine. Kijana ameupata kwa mzee. Mzee aliupata wapi?

"Shikamoo mzee, naomba nikuulize la mwisho," nilimwambia wakati wanakunja nyaya.

"Marahaba. Mbona unaniamkia mara ya pili leo? Una deni?"

Nikamwuliza kwa nini hafiki do. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunja mikono ya shati. Hakuwa anajua kwamba hafiki. Akachukua gitaa, akapiga taratibu, so, la, ti, akarudi. Akapiga tena. Akasimama.

"Uzi," akasema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha lakini maduka yalikuwa matupu, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na nyuzi za gitaa nani angezikumbuka. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, hata waliokuwa na chochote cha kuuza walikificha. Gitaa alilojifunzia lilikuwa la kaka yake, na uzi wa kwanza, ule mwembamba, ulikuwa umekatika. Walijaribu kuuziba kwa waya wa breki ya baiskeli, ukawa unakata vidole na kutoa sauti ya mlango, wakautoa. Kwa miaka mitatu hivi alipiga nyuzi tano.

Alinionyesha kwenye ufunguo wa E, ambao ndio walikuwa wakiupenda. So ni uzi wa pili ukiachwa wazi. La ni kwenye uzi huohuo, ti ni huohuo. Do ya juu ni uzi wa kwanza ukiachwa wazi, kazi ya sekunde, ungeugusa tu. Kwake pale palikuwa hewa. Ungeweza kuipata do kwa kusogea mbele zaidi kwenye uzi wa pili, lakini wimbo ukichemka hakuna muda, na ukishafika huko juu unaishiwa pa kwenda. Kwa hiyo alikuwa anageuka.

"Nikaja kupata gitaa zima," akasema, "sikukumbuka tena kufika."

Kijana wake alikuwa amesimama na waya wa spika mkononi. Huyo amezaliwa duka la nyuzi likiwa wazi mpaka saa mbili usiku. Akaomba gitaa, akapiga so, la, ti, akasita, akaigusa do kwa uzi wa kwanza. Ikalia, safi kabisa.

"Hapana," akasema mpiga besi kutoka mlangoni, yeye wa kwanza. "Rudisha ilivyokuwa."